Rukhusa ya Kulisha Umma

Katika mambo yote ambayo mwanadamu humwachia mwenzake kwa kumwamini tu, hakuna linalorudiwa mara nyingi kama kula chakula kilichopikwa na mkono asioujua. Maana mtu huchagua tabibu wake baada ya kuuliza, na fundi wa nyumba baada ya kutazama kazi zake za nyuma, lakini adhuhuri ikimkuta na njaa pale Kariakoo, au kwenye soko la samaki la Feri, au kando ya jengo linaloinuliwa Tegeta, hukaa kwenye benchi, akanawa kwa maji ya ndoo yenye koki, akaletewa sahani ya wali na maharage na kipande cha samaki, akala, akalipa, akaenda zake, bila ya kujua maji yaliyooshea sahani ile yametoka wapi, wala mpishi alipimwa afya yake lini. Ni kwa ajili ya mlaji huyu, asiyeweza kuingia jikoni akajionea mwenyewe, ndipo dola ikajitwalia haki ya kumwambia mpishi asiwauzie watu chakula mpaka apewe rukhusa. Haki hiyo siipingi hata kidogo. Ninalokusudia kulisema ni kwamba rukhusa yenyewe, kwa jinsi tulivyoizoea nchini Tanzania, imekuwa nzito mahali pasipo na hatari kubwa na nyepesi mahali penye mauti, kwa sababu tumeithamini karatasi inayotundikwa ukutani kuliko mkono unaotiwa ndani ya gunia.

Mkono huo sikuutaja kwa kupamba maneno. Imo katika mkusanyo wa Imamu Muslim hadithi ijulikanayo na aghalabu ya watu waliopita chuoni katika pwani hii, ya kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka iliyowekwa kwa kuuzwa, akautia mkono wake ndani ya chungu ile, na vidole vyake vikakuta majimaji, alipomuuliza mwenye mali akaambiwa kuwa imenyeshewa na mvua, naye akamhoji kwa nini hakuiweka juu ile iliyoloa ili watu waione, kisha akatoa onyo kali juu ya mwenye kughushi. Masheikh huitaja hadithi hii wanapofundisha ubaya wa udanganyifu katika biashara, na hapo ndipo mahali pake. Ila mimi hunivutia zaidi namna ukaguzi wenyewe ulivyofanywa. Katika masimulizi hayo muuzaji hakuulizwa amesajiliwa na nani. Kilichotazamwa ni nafaka, tena ilitazamwa chini, pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki, na kilichogunduliwa ni unyevu, ambao katika zama zetu umeua watu kwa makumi na mamia katika nchi hizi mbili jirani, Tanzania na Kenya, kama nitakavyoeleza.

Kutokana na mafundisho ya namna hiyo ikastawi katika miji ya Kiislamu kazi ya muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, na maulamaa wakamwandikia vitabu vya kumwongoza. Mmoja wao, al-Shayzari, aliyekuwako Shamu katika karne ya 12, hakuona haya kuandika kwa urefu habari za mkandaji wa unga: afunge kitambaa kipajini jasho lisidondoke, azibe mdomo asije akapiga chafya juu ya donge, anyoe nywele za mikono, na wakati wa mchana asimame mtu mwingine karibu naye mwenye usinga wa kufukuzia nzi. Bwana afya wa leo, mwenye fomu yake na kofia ya nailoni ya kumvisha kila mpishi, angeyasoma hayo na asione lililo geni.

Katika Tanzania huru, mambo haya yametungiwa sheria moja baada ya moja, kila moja ikiwa na maana njema kwa wakati wake. Ilikuja Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Likaundwa Shirika la Viwango, TBS, kwa sheria ya mwaka 1975. Ikafuata mwaka 1978 sheria ya kudhibiti ubora wa chakula. Na mwaka 2003 ikapitishwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, iliyozaa mamlaka ambayo watu waliizoea kwa herufi zake nne, TFDA. Hapo ndipo ilipoanza adha ambayo wafanyabiashara wadogo wa vyakula waliilalamikia kwa miaka 16: TFDA ilisajili jengo, ikasajili na bidhaa, ikachukua sampuli na kuipima, TBS nayo ikaja na wakaguzi wake katika jengo lile lile, ikachukua sampuli ya bidhaa ile ile, ikaipima katika maabara yake, ndipo itoe nembo ya ubora, na kila mmoja alikuwa na ada zake. Aliyetaka kusindika maziwa alikuwa na hali ngumu zaidi, kwani juu ya wakubwa hao wawili aliongezewa Bodi ya Maziwa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, Wakala wa Vipimo kwa ajili ya ujazo wa chupa, watu wa usalama mahali pa kazi, watu wa zimamoto, watu wa mazingira, na halmashauri ya mahali alipo, na wote hao walimjia kwa zamu, kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi, bila ya mmoja kujua mwenzake alikuja lini wala aliona nini.

Serikali yenyewe ilikiri kasoro hiyo katika mpango wa kurekebisha udhibiti wa biashara ulioidhinishwa mwaka 2018, na kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 shughuli za chakula na vipodozi ziliondolewa TFDA zikapelekwa TBS kuanzia tarehe 1 Julai, nayo TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba na kubadilishwa jina kuwa TMDA. Lilikuwa tendo la busara. Walakini kuunganisha ofisi mbili hakumfanyi mkaguzi mmoja kuwa wawili, na halmashauri, ambazo zimekasimiwa sehemu ya kazi hiyo, ndizo zinazobaki na magenge, mabucha, migahawa na viwanda vya mikate visivyo na idadi, ilhali afisa afya wa kata moja ana vyoo, taka, makaburi na mbu wa kuvishughulikia pia.

Nitamchukua mtu mmoja katika wengi wanaopita njia hii, nimtazame kwa karibu, maana katika habari zake ndimo linamoonekana jema na baya la utaratibu wetu. Ni mama wa Mbagala anayetengeneza unga wa lishe. Kazi ameianza kwa ajili ya mjukuu wake. Majirani wakaonja, wakaagiza. Sasa hununua mahindi, ulezi, mtama, soya na karanga, huchagua, huosha, huanika juu ya turubai, hukaanga karanga na soya, kisha hupeleka vyote kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, na jioni hupima nusu kilo nusu kilo katika mifuko aliyochapishiwa lebo. Maadamu anauza kwa majirani, hakuna anayemuuliza neno. Siku anapoingia katika duka kubwa na mifuko yake kumi kuomba iwekwe rafuni, huulizwa nembo ya TBS, na ndipo safari inapoanza: apate namba ya mlipakodi TRA, asajili jina la biashara BRELA, aombe leseni ya biashara halmashauri, apime afya yeye na mabinti wawili wanaomsaidia, aende SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, akapate mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho, kisha aipeleke barua hiyo TBS.

Yapasa nitende haki hapa, kwa sababu walalamikaji wengi husahau kulisema: mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO halipishwi gharama za ukaguzi, upimaji na leseni ya nembo kwa miaka mitatu ya mwanzo, bali serikali huzibeba. Kwa hiyo anayesema kuwa nembo ya TBS ni ya matajiri, ama hajui au hataki kujua. Lebo nayo, ambayo wengi huiona usumbufu, ni maneno machache ambayo mlaji ana haki nayo: jina la bidhaa, viambato kwa kufuata wingi wake, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi, na mahali anapopatikana mtengenezaji. Namba ya toleo hasa ndiyo inayodharauliwa, na mimi nimeona mifuko mingi madukani ambayo nafasi yake imeachwa tupu kabisa. Nayo ndiyo pekee itakayowezesha mifuko ya siku moja mbaya kuondolewa sokoni bila kuiangamiza kazi ya mwezi mzima.

Linalomshinda mama yule ni jengo. Kanuni zinataka chakula kisitengenezwe katika jiko la nyumbani, bali katika mahali pake pekee, penye kuta laini zinazooshwa, sakafu isiyo na nyufa, madirisha yenye wavu, maji safi, stoo yenye chaga za kuinua magunia yasiguse chini, choo kisichofunguka kuelekea chumba cha kazi, na nafasi ya kutosha ili malighafi iingie upande mmoja na unga utoke upande wa pili bila kupishana. Kila sharti katika hayo lina maana, na mwenye kupinga wavu wa dirishani ni mpinzani wa kupinga tu. Lakini mama huyu anakaa katika nyumba ya kupanga yenye uani wa pamoja, ana chumba na sebule. Akikodi fremu ya nje atalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, afunge vigae, avute maji, afanye hayo yote kabla hajauza mfuko hata mmoja dukani, na pengine mkaguzi atakapofika aseme kuwa chumba ni kidogo. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo wakarudi kuuza kwa majirani, wakiwa wameshatumia akiba yao yote, na unga wao ukaendelea kuliwa na watoto kama ulivyokuwa ukiliwa kabla, bila kupimwa na mtu.

Ni hilo la kutopimwa ndilo linalonitia hofu, wala siyo hilo la fremu. Unga wa lishe una mahindi na una karanga, vitu viwili ambavyo ukungu wa Aspergillus flavus huvipenda kuliko vingi, na ukungu huo hutoa sumu ambayo wataalamu wetu wameipa jina zuri la sumukuvu. Sumu hii haina harufu wala ladha. Moto wa kupikia uji hauimalizi. Kuchagua punje zilizooza husaidia sana lakini hakuiondoi yote. Mtu akiila kwa wingi wa ghafla humharibu ini akafa kwa siku chache akiwa na macho ya manjano. Ikimwingia kidogo kidogo kwa miaka humletea saratani ya ini. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu yote katika kilo moja ya mahindi, na mtoto mchanga, ambaye asubuhi na jioni hunywa uji wa namna moja, ndiye wa kwanza kudhurika kiwango hicho kikivukwa.

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na sehemu za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Chanzo kilikuwa nafaka iliyovunwa na kuwekwa ikiwa na unyevu. Na wachunguzi walipochukua sampuli za mahindi na unga kutoka masoko ya sehemu hizo, walikuta asilimia 55 zimepita mikrogramu 20 kwa kilo, ambacho ndicho kilichokuwa kikomo cha sheria ya Kenya wakati huo. Miaka 12 baadaye ikawa zamu yetu: katikati ya mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki, na ugonjwa ulichukua muda kutambuliwa kwa sababu hakuna aliyedhani kuwa ugali wa nyumbani unaweza kuwa muuaji. Katika maafa yote mawili hakuna cheti kilichokosekana ambacho kingeokoa roho. Kilichokosekana ni nafaka kukaushwa, na mtu wa kuipima kabla haijaliwa.

Wafanyabiashara wa nafaka wana chombo chao cha kale kinachoitwa bambo, kipande cha chuma chenye ncha na mfereji, ambacho huchomwa katika ubavu wa gunia kikatoka na punje za katikati, ili mnunuzi asidanganywe na zile nzuri zilizopangwa mdomoni. Mnunuzi hodari huzimwaga punje hizo kiganjani, akazinusa, akaiuma moja kwa jino kusikia kama inavunjika kavu au inasagika kwa ubichi. Sumukuvu haionekani kwa jino, lakini unyevu huonekana, na kipimo cha unyevu kinachoshikwa mkononi ni chombo ambacho halmashauri yoyote inayokusanya ushuru wa mazao inaweza kukinunua. Napendekeza kwa dhati kwamba kila soko la nafaka linalotoza ushuru kwa gunia liwe na bambo moja, kipimo kimoja cha unyevu, na mtu mmoja aliyefunzwa, na kwamba gunia lisilokauka lisitozwe ushuru wala lisiingie sokoni. Ushuru tunautoza pale pale getini. Basi na ukaguzi uwe pale pale.

Katika suala la jiko la nyumbani, wenzetu wa nchi nyingine wamefikiri njia tofauti ambazo hazitudhuru kuzitazama. Nchini Uingereza, anayetaka kuuza chakula, hata akiwa mama wa Kiswahili anayekaanga sambusa nyumbani kwake London, hulazimika kujisajili kwa baraza la mtaa wake siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni bure na hauwezi kukataliwa, kwa kuwa muradi wake ni baraza lijue yuko wapi ili afisa aende kumkagua. Baada ya ukaguzi hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, na huko Wales sheria inamlazimisha kuibandika alama hiyo mlangoni, hata ikiwa ni 0. Jimbo la California, huko Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2012 inayoruhusu baadhi ya vyakula visivyoharibika upesi, kama mikate, jamu na karanga za kukaanga, kutengenezwa katika jiko la nyumbani, kwa sharti kwamba lebo iseme wazi kuwa vimetengenezwa nyumbani. Sisemi tuige kila kitu; joto la Dar es Salaam na maji ya Dar es Salaam si ya huko. Lakini kutenga vyakula kwa kadiri ya hatari zake ni jambo la akili popote pale. Mwenye kutengeneza achari ya ndimu yenye chumvi na siki nyingi, na mwenye kutengeneza mtindi, hawapaswi kudaiwa jengo la namna moja.

Lipo pia lile la kupima afya. Kanuni zetu zinamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza apimwe, na desturi ni kila baada ya miezi sita, kama ilivyo na kwa jirani zetu wa Kenya. Naye hupewa kadi ambayo afisa afya huidai kabla ya kutazama sufuria. Asili ya woga huu inajulikana. Mwaka 1907, huko New York, ilibainika kuwa mpishi mmoja aliyeitwa Mary Mallon alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua, na kwamba familia kadhaa alizozipikia zilikuwa zimepata maradhi hayo. Alitengwa kisiwani, akaachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena; na mwaka 1915 akakamatwa akiwa anapika katika hospitali ya wazazi kwa jina la kubuni, akarudishwa kisiwani akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1938. Watu husimulia kisa hiki kwa kumlaumu yeye, nami simwondolei lawama. Ila ni vyema kukumbuka kwamba alikatazwa kazi pekee iliyomlipa vizuri, na kufua nguo kulimpa ujira mdogo zaidi, kwa hiyo akajificha. Mtu anayejificha hakaguliwi.

Tena upimaji wenyewe una mipaka. Kadi iliyogongwa muhuri mwezi Januari haisemi lolote juu ya kuhara kwa mwezi Februari, na wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani waliandika katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1989 kwamba kuwapima wapishi mara kwa mara kwa utaratibu wa kawaida hakuna faida inayolingana na gharama yake. Walitilia mkazo badala yake mafunzo, kunawa mikono, na mgonjwa kukaa mbali na jiko mpaka apone. Mama lishe anayekosa ujira wa siku akikaa nyumbani hatakaa nyumbani kwa sababu ana kadi.

Nani kati yetu asiyemjua mama huyo? Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anawasha mkaa, anachemsha maharage, anakanda unga wa chapati, na saa nne tayari ameshajitwisha mahotpoti mpaka penye vibarua. Bila yeye miji yetu isingejengwa, kwa sababu fundi anayelipwa kwa siku hawezi kula katika hoteli yenye kiyoyozi. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani, amri ya kwanza katika sehemu nyingi ilikuwa kumpiga marufuku, mgambo wakamwaga masufuria yake. Na sikatai kwamba chakula kilichopoa penye nzi ni njia ya kipindupindu. Lakini kipindupindu hufuata maji na choo, navyo ndivyo ambavyo mama lishe hakupewa kabla ya marufuku wala baada yake. Mwezi Desemba 2018 alipewa kitu kingine: kitambulisho cha mjasiriamali, kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa ajili ya wote wenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka, ili asibughudhiwe tena na watoza ushuru. Wengi walikishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru, maana kiliwapa utulivu. Lakini kitambulisho kile hakikuuliza swali lolote juu ya maji ya kuoshea sahani, na hivyo tukawa na rukhusa ya kulisha watu ambayo ndani yake hamna neno juu ya chakula.

Karatasi nilizozitaja mpaka hapa ni za Tanzania Bara; Zanzibar ina mamlaka zake na sheria yake ya chakula na dawa ya mwaka 2006, kwa hiyo aliyekamilisha kila karatasi upande wa Bara asidhani kuwa amekamilisha na za Visiwani, aulize kwanza. Na nchini Kenya, tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, kila kaunti hutoza kwa kanuni zake, na askari wa kaunti, wale waitwao kanjo, hawana sifa njema zaidi kuliko mgambo wetu.

Hukumu yangu katika kadhia hii ni kwamba utaratibu tulio nao umepangwa kinyume. Tunaanza na malipo, tunafuata na karatasi, kisha jengo, na mwisho kabisa, nafasi ikipatikana, tunakitazama chakula. Halmashauri inayokusanya ada katika soko la mama lishe iweke kwanza bomba la maji yanayotoka, sehemu ya kuoshea vyombo yenye mfereji wa kupeleka maji machafu, na choo kinachofungwa, kisha itoe leseni kwa kila meza, na leseni hiyo idai mambo machache ambayo mtu anaweza kuyatimiza: chakula kifunikwe, kiwe cha moto, sahani zioshwe kwa maji yanayotiririka, mgonjwa asipike. Na SIDO iongezewe majengo ya pamoja katika mitaa yake ya viwanda, ambamo watengenezaji wadogo wa unga, achari na siagi ya karanga watakodi chumba kilichokwisha kukaguliwa, kwa siku au kwa wiki, badala ya kila mmoja kufunga vigae vyake.

Mpaka hayo yatimie, anayekusudia kuanza biashara ya chakula mwaka huu asilipe kodi ya fremu kabla hajachora ramani ndogo ya chumba anachokitaka na kuipeleka kwa afisa afya wa kata na kwa ofisi ya TBS ya kanda yake kuomba ushauri. Aende SIDO kabla ya kwenda BRELA, maana huko ataelezwa mpangilio wa mambo. Aweke daftari la namba za matoleo tangu mfuko wa kwanza. Na kabla ya kununua gunia lolote la mahindi au karanga, achome bambo katikati na chini ya gunia, na likiwa na unyevu alikatae hata kama bei yake ni nusu.